Fyuzi, Kikata-Umeme au Elektroniki? Ulinzi wa Sakiti katika Ndege Inayoundwa Nyumbani

Utangulizi

Msomaji wa jarida hili amezoea kukutana na makala za ushairi, uhakiki wa tamthilia na sarufi, na huenda akashangaa kuona fyuzi na nyaya zikijadiliwa hapa. Hata hivyo, dai kwamba Kiswahili kinaweza kubeba taaluma yoyote ile hurudiwa katika kila kongamano letu, na aghalabu sisi tunaolirudia hatuketi kitako tukaeleza hata jambo moja la kiufundi kwa lugha hiyo. Makala haya yananuia kulijaribu dai hilo kwa mada finyu: jinsi mtu anayejiundia ndege ndogo nyumbani anavyochagua kifaa cha kulinda sakiti za umeme za ndege yake. Mada ni finyu, lakini kosa lake huua.

Ndege ya aina hii si mchezo wa watoto. Nchini Marekani, sheria za usafiri wa anga humruhusu mtu binafsi kuunda ndege kwa ajili ya kujielimisha au kujiburudisha, mradi sehemu kubwa ya kazi, yaani zaidi ya nusu, iwe imefanywa na watu wa namna yake wala si kiwanda. Ndege ikikamilika husajiliwa katika kundi la ndege za majaribio. Chama cha waundaji hao, EAA, kilianzishwa mwaka 1953 na Paul Poberezny katika jimbo la Wisconsin, na tangu mwaka 1970 mji wa Oshkosh katika jimbo hilohilo ndio makao ya maonyesho yake makuu. Ndege za aina ya RV pekee, ambazo sehemu zake huuzwa na kampuni ya Van's Aircraft, zilizokwisha kuundwa na kurushwa zimezidi 10,000.

Anayenunua ndege iliyotoka kiwandani hukuta masuala ya umeme yamekwisha kuamuliwa na wahandisi. Muundaji wa nyumbani huamua mwenyewe, mara nyingi akiwa katika karakana yake usiku, baada ya kutoka kazini. Mbele yake pana njia tatu. Ya kwanza ni fyuzi, neno ambalo Kiswahili kimekwisha kulimeza na halihitaji ufafanuzi. Ya pili ni kile kidude ambacho katika nyumba zetu hushuka stima ikizidi, tukakipandisha tena kwa kidole. Hapa nitakiita kikata-umeme. Ya tatu ni kikata-umeme cha elektroniki, ambacho hakina sehemu inayoungua wala inayoruka, bali hupima na kukata kwa transista na programu ya kompyuta.

Kitenzi "kulinda" na shamirisho yake

Mwanafunzi yeyote wa sarufi anajua kwamba "linda" ni kitenzi elekezi. Ukisema "fyuzi hulinda," msikilizaji ana haki ya kuuliza: hulinda nini? Wengi wetu tulijibu swali hilo shuleni kwa kuandika kwamba fyuzi hulinda chombo, kama vile redio au taa. Jibu hilo ndilo chanzo cha makosa mengi, na katika ndege halifai kabisa. Shamirisho kipozi ya kitenzi hiki ni waya. Fyuzi huwekwa ili waya isiungue. Redio, ikiwa imeundwa vyema, ina kinga yake yenyewe ndani ya tumbo lake, na ikiwa imekwisha kuharibika fyuzi haitaifufua.

Sababu imo katika fizikia ya kidato cha pili. Joto linalotokea ndani ya waya hukua kwa mraba wa mkondo. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne; ukiongezeka mara kumi, joto huongezeka mara mia. Tuchukue waya ya shaba ya namba 22 kwa vipimo vya Marekani, ambayo ni nyembamba na hutumika sana katika ndege ndogo. Ukinzani wake ni takriban omu 0.053 kwa kila mita. Ikipitisha ampea 5, kila mita hutoa wati 1.3 hivi za joto, kiasi ambacho hewa hukichukua bila mtu kugundua. Sasa tuseme ganda la waya hiyo limesuguliwa na ukingo wa bati hadi likatoboka, na shaba ikagusa mwili wa ndege ambao nao umeunganishwa na betri. Hiyo ndiyo shoti. Ikiwa urefu wa waya toka kwenye betri ni mita 2, betri nzuri ya volti 12 inaweza kusukuma takriban ampea 100. Joto hufikia wati 500 na zaidi kwa kila mita, na waya nzima, kwa sekunde chache zilizosalia za uhai wake, hutoa joto la pasi ya nguo. Tofauti ni kwamba pasi hii imefungwa pamoja na nyaya nyingine ishirini, nyuma ya dashibodi, mbele ya magoti ya rubani.

Kwa hiyo kipimo cha fyuzi hufuata unene wa waya. Mwongozo wa Mamlaka ya Anga ya Marekani uitwao AC 43.13-1B, ambao mafundi wa ndege ndogo huutegemea, una jedwali la jambo hili: waya ya namba 22 isilindwe kwa zaidi ya ampea 5, namba 18, ampea 10, namba 10, ambayo ni nene, fyuzi ya ampea 30 au kikata-umeme cha ampea 40. (Namba hizi huenda kinyume na matarajio: kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo waya inavyokuwa nyembamba.) Muundaji huuliza kwanza chombo chake kinahitaji mkondo kiasi gani, kisha huchagua waya inayoweza kuubeba, na mwisho huchagua kinga ya waya hiyo. Anayeanza na fyuzi ameishika hadithi mkiani.

Sisi hapa tunayo picha yetu ya kosa hili. Kila aliyepata kusafiri kwa gari kuukuu amemwona fundi akiviringisha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara juu ya fyuzi iliyoungua, taa zikawaka, safari ikaendelea. Fundi huyo anafikiri ya chombo. Taa zilizimika, naye amezirudisha, waya hakuiuliza. Barabarani dereva akiona moshi husimama kando, abiria wakashuka, wakatazama gari likiteketea. Angani hakuna kando.

Kuungua na kuruka

Fyuzi zinazotumika katika ndege nyingi za nyumbani ni zilezile za magari, zenye miguu miwili bapa na ganda la plastiki lenye rangi: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, manjano 20, kijani 30. Ni nyepesi, ni rahisi, hupatikana hata katika duka la vipuri la mji mdogo, na ndani yake hamna kitu ila kipande cha metali kilichokusudiwa kufa kabla ya waya. Shoti kali huikata kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Kikata-umeme cha kawaida cha ndege hufanya kazi kwa njia nyingine. Ndani yake kuna ukanda wa metali mbili zilizoshikamanishwa, ambazo hutanuka kwa viwango tofauti zinapopata joto. Mkondo ukizidi, ukanda hupinda, kitufe huruka nje, na sakiti hukatika. Mwendo huu ni wa polepole kuliko wa fyuzi. Mkondo ukiwa mara mbili tu ya kiwango, huenda sekunde nyingi zikapita kabla ya kitufe kuruka. Pia kina sehemu nyingi zaidi, ni kizito zaidi, na bei yake ni mara nyingi ya bei ya fyuzi. Mbona basi dashibodi za ndege za viwandani zimejaa safu za vitufe hivi? Jibu la kawaida ni kwamba rubani anaweza kukisukuma ndani tena na kuurudisha umeme. Jibu hilo ndilo linalopasa kuchunguzwa kwa makini.

Tarehe 10 Julai 2007, ndege ya kiwandani aina ya Cessna 310R iliruka kutoka Daytona Beach, Florida. Siku iliyotangulia, rubani mwingine aliyekuwa akiirusha alisikia harufu ya kitu kinachoungua, na rada ya hali ya hewa ikaacha kufanya kazi. Aliizima rada, akakivuta kitufe cha kikata-umeme chake, harufu ikatoweka. Baada ya kutua aliandika habari hiyo katika kumbukumbu za ndege. Ndege haikutengenezwa. Siku ya pili ilipoondoka, wachunguzi wa ajali waliona yaelekea kwamba kitufe kile kilikuwa kimesukumwa ndani tena, na umeme ukarudi katika waya iliyokwisha kujeruhiwa. Moto ulizuka angani, na ndege ikaanguka juu ya nyumba za watu katika mji wa Sanford. Watu 5 walifariki: 2 waliokuwa ndani ya ndege na 3 waliokuwa majumbani mwao.

Hapa kifaa hakikushindwa. Kilichoshindwa ni maana yake. Kitufe kilichovutwa kilikuwa habari: kilisema kwamba katika njia hii ya umeme pana hatari isiyojulikana. Aliyekisukuma ndani, awe nani, alikisoma kama swichi.

Mhandisi Mmarekani Robert Nuckolls, mwandishi wa kitabu The AeroElectric Connection kinachosomwa sana na waundaji wa ndege, alitoa hoja iliyowaudhi marubani wengi wa kale. Alipendekeza fyuzi za magari, tena zifungwe mahali ambapo rubani hazifikii akiwa angani. Kanuni za Marekani za ndege ndogo za viwandani, kama zilivyokuwa kabla ya kuandikwa upya mwaka 2017, zilisema kwamba ikiwa kurejesha kikata-umeme au kubadilisha fyuzi ni jambo la lazima kwa usalama wa safari, basi kifaa hicho kiwe mahali pa kufikika kwa urahisi, na fyuzi za akiba ziwepo, angalau moja ya kila kiwango au nusu ya zilizotumika, lolote lililo kubwa. Muundaji wa nyumbani hakubanwa na kanuni hiyo moja kwa moja, lakini wengi waliifuata kwa heshima. Nuckolls aliipindua hoja. Ikiwa chombo fulani ni cha lazima kiasi kwamba rubani hana budi kukirudisha angani, basi mchoro wa umeme wa ndege hiyo una kasoro. Kila chombo cha lazima kiwe na mwenzake wa kushika zamu, wenye njia tofauti za umeme. Kikifa, rubani amgeukie mwenzake, aendelee kurusha ndege, na uchunguzi ufanyike ardhini kwa tochi na subira.

Nionavyo mimi, hoja hii ina uzito mkubwa kuliko suala la fyuzi lenyewe. Inamwondolea rubani kazi ya ufundi wakati ambapo hana mikono ya kuifanya. Aliye ndani ya wingu, ana ramani pajani na sauti ya mwongozaji masikioni, hapaswi kuinama kutafuta fyuzi ya ampea 5 iliyoanguka chini ya kiti. Na asiyeweza kuirejesha sakiti hawezi kuirejesha kimakosa.

Lililo la lazima

Ni vyombo vipi basi vya lazima? Jibu hutegemea injini. Injini za jadi za ndege ndogo, kama Lycoming O-320, huwasha cheche zake kwa magneto, yaani vijenereta vidogo vinavyozungushwa na injini yenyewe na visivyotegemea betri. Umeme wote wa ndege ukizimika, injini huendelea kunguruma kana kwamba hakuna lililotokea. Rubani hupoteza redio na taa, lakini mchana wa hali nzuri ya hewa atatua salama. Waundaji wengi wa sasa, hata hivyo, hufunga uwashaji wa kielektroniki, au injini inayosukumiwa petroli kwa pampu ya umeme chini ya amri ya kompyuta. Ndege ya namna hii umeme ukikatika hugeuka nyiti, yaani ndege ya kuteleza hewani bila injini, na isiyoundwa kwa kazi hiyo.

Kwa sababu hiyo michoro mizuri huligawa jopo la fyuzi mara mbili. Jopo kuu hubeba starehe na vya ziada. Jopo la pili, la uvumilivu, hubeba vichache ambavyo rubani hana budi kuwa navyo hadi atue, na lina njia yake ya pili inayotoka moja kwa moja kwenye betri kupitia swichi iliyo mbele ya macho yake. Altaneta ikifa, rubani hufungua swichi hiyo, huzima jopo kuu, na betri iliyotunzwa vizuri humpa muda wa kufika uwanjani. Kazi hii yote hufanywa na mchoro. Fyuzi zingeweza kuwa za aina yoyote.

Elektroniki

Katika miaka ya 2000 ilikuja njia ya tatu. Mfumo uliofahamika sana miongoni mwa waundaji ni VP-X wa kampuni ya Vertical Power: kisanduku kimoja kilichochukua nafasi ya safu nzima ya vitufe. Ndani yake kila sakiti ina transista ya nguvu inayoshika zamu ya swichi. Mkondo hupimwa bila kukoma, na ukivuka kiwango kilichowekwa, transista huzima. Hakuna kinachoungua, hakuna ukanda wa kupinda.

Faida zake si za kubeza. Kifaa hiki hakikati tu, bali huona. Kwenye skrini rubani husoma kwamba taa ya kutulia inakula ampea kadhaa, au kwamba haili chochote, yaani balbu imekatika. Fyuzi haiwezi kamwe kumwambia habari hiyo, kwa sababu fyuzi hujua ziada tu wala haijui upungufu. Kiwango cha kila sakiti huwekwa kwa kompyuta badala ya kununua kifaa kingine. Programu inaweza pia kukataa kuteremsha mabawa madogo ya kutulia iwapo mwendo wa ndege ni mkubwa mno, au kuisimamisha mota inayozunguka bila kuamriwa.

Lakini kisanduku kimoja ni kisanduku kimoja. Fyuzi ishirini zina vifo ishirini tofauti, na kifo cha moja hakizihusu nyingine. Kisanduku kikipoteza waya wake mkuu, au programu yake ikikwama, vinaweza kwenda vyote. Kwa hiyo anayekichagua hana budi kuvipa vyombo vya lazima, hasa umeme wa injini, njia nyingine isiyopitia humo, na njia hiyo, kwa kinaya ambacho mwanafasihi hawezi kukipuuza, aghalabu hulindwa kwa fyuzi ya kawaida. Pia ule mjadala wa kitufe hurudi kwa vazi jipya: sakiti iliyozimwa na programu inaweza kuwashwa tena kwa kubonyeza skrini, wepesi zaidi kuliko kusukuma kitufe. Yaliyotokea Sanford yanaweza kutokea kwa kidole kwenye kioo.

Kuna hatari moja ambayo vifaa hivi, vikiwa vya kawaida, huenda visiione. Tarehe 2 Septemba 1998, ndege kubwa ya abiria aina ya MD-11 ya Swissair, safari namba 111 kutoka New York kwenda Geneva, ilianguka baharini karibu na Nova Scotia, Kanada, na watu wote 229 waliokuwemo wakafa. Ripoti ya wachunguzi wa Kanada ya mwaka 2003 ilieleza kwamba moto ulianza, kwa kadiri ilivyowezekana kubainika, kwa cheche za umeme kati ya nyaya zilizo juu ya dari ya chumba cha marubani, zikayawasha matandiko ya kuhami yaliyokuwa na tabia ya kushika moto. Vikata-umeme vya aina ile havikuwa na uwezo wa kukinga dhidi ya kila namna ya cheche. Cheche huruka na kuzimika, huruka na kuzimika. Wastani wa mkondo wake unaweza kubaki chini ya kiwango, ilhali joto la mahali zinapoanguka linatosha kuyeyusha shaba. Hapa muundaji hutegemea ubora wa waya na namna alivyoifunga: ganda la kisasa la Tefzel linalostahimili joto la nyuzi 150 za Selsiasi badala ya plastiki ya magari inayotoa moshi wa sumu, vishikizo vya mpira kila waya inapopenya bati, na nafasi ya kutosha ili kitu chochote kisisugue.

Uchaguzi

Kwa ndege sahili ya viti viwili, yenye magneto na ya kurushwa mchana, mimi ningependekeza fyuzi bila kusita, zifungwe ndani ambako rubani hatazigusa. Fedha iliyookolewa inunue waya bora. Kwa ndege yenye skrini tatu na injini ya kompyuta, elektroniki ina nafasi yake, kwa sharti lile la njia ya pili. Vikata-umeme vya vitufe ningevibakiza mahali pamoja: kwenye waya inayolisha uga wa altaneta. Altaneta iliyopoteza kidhibiti chake inaweza kupandisha volteji hadi ikaangamiza vyombo vyote, na baadhi ya kinga za hatari hiyo hufanya kazi kwa kuleta shoti ya makusudi katika waya hiyo ili kikata-umeme kiruke. Kinga hizo wakati mwingine hushtuka bure, na hapo kurejesha mara moja, kwa kujua sababu, kunakubalika.

Lisilobadilika katika njia zote tatu ni mahali. Kinga hulinda waya iliyo mbele yake tu, upande wa kuelekea chombo. Fyuzi ikifungwa karibu na redio, mita nzima ya waya kati ya betri na fyuzi inabaki uchi, na shoti ikitokea humo hakuna wa kuikata. Ndiyo maana fyuzi hufungwa palepale umeme unapogawanywa, na kipande kisicho na kinga kikawa kifupi kadiri inavyowezekana, sentimita chache tu. Waya nene ya kuwashia injini ndiyo huachwa kwa desturi bila fyuzi, kwani mota yake hunywa mamia ya ampea kwa mkupuo mmoja. Waya hiyo hukatwa na swichi kubwa ya sumaku inayofungwa kando ya betri, na rubani anapaswa kuweza kuizima kwa mkono mmoja, macho yake yakiwa nje.